Namna ya kuhakiki utafiti mpya wa tiba ya dharura kabla ya kubadilisha utaratibu wa wodi

Mwongozo huu ni wa madaktari, maafisa wa kliniki, wauguzi na wafamasia wanaohudumu katika vitengo vya dharura vya Nakuru, Kisumu, Kakamega, Kericho na miji ya jirani. Hao hupokea utafiti mpya karibu kila wiki kupitia WhatsApp, mara nyingi ukiwa picha ya muhtasari tu, kisha hutarajiwa kuamua kama utafiti huo ubadilishe jinsi watakavyomtibu mgonjwa atakayeletwa usiku huohuo. Muhtasari hukueleza matokeo, lakini masharti yaliyozaa matokeo hayo hukaa ndani ya makala, katika kurasa ambazo wengi hawafiki. Kuhakiki utafiti, kwa mtazamo wa mwongozo huu, ni kuyatafuta masharti hayo, kuyaandika, na kuyaweka kando ya hali halisi ya kituo chako.

Kazi hii haihitaji mtaalamu wa takwimu. Inahitaji watu watatu au wanne, mtandao wa kuaminika kwa muda wa kutosha kupakua makala nzima, na daftari lenye ukurasa mmoja kwa kila utafiti. Mmoja asome njia za utafiti, mwingine asome takwimu, na wa tatu, ambaye ni vyema awe muuguzi au mfamasia, aulize kama jambo hilo linawezekana kwa dawa, vifaa na watumishi waliopo. Vikao vya kusoma vinavyohudhuriwa na madaktari pekee huelekea kupitisha maamuzi ambayo zamu ya usiku haina uwezo wa kuyatekeleza.

Hatua ya kwanza: Andika swali lenye saa ndani yake

Swali la “Je, asidi ya traneksamiki (dawa ya kupunguza kuvuja kwa damu) ni nzuri kwa majeruhi?” halijibiki. Swali linalojibika hutaja mgonjwa ni nani, anapewa tiba gani, tiba hiyo inalinganishwa na nini, na tunapima matokeo yapi. Kwa tiba ya dharura ongeza mambo mawili ambayo fomu nyingi za kufundishia huyaacha: ni muda gani umepita tangu tukio lilipotokea, na mgonjwa yuko mahali pa aina gani anapopokea tiba.

Chukua mfano wa mwendesha bodaboda aliyegongwa karibu na Mau Summit saa mbili usiku. Wasamaria wema wanampeleka Molo, anafungwa kidonda na kuwekewa dripu, kisha anapewa rufaa kuja Nakuru, ambako anafika saa tano na nusu akiwa bado anavuja damu. Swali letu basi liwe hivi: kwa mtu mzima anayevuja damu kutokana na ajali, aliyefika hospitali ya rufaa zaidi ya saa tatu baada ya kuumia, je, kumpa asidi ya traneksamiki kunapunguza vifo kuliko kutompa? Utaona baadaye kwamba maneno “zaidi ya saa tatu” ndiyo yanayogeuza jibu.

Hatua ya pili: Tafuta kwa utaratibu, na uandike ulivyotafuta

Anzia PubMed, hifadhidata ya makala za kitabibu ambayo haina malipo, na utumie vichujio vyake vya majaribio ya nasibu (ambamo wagonjwa hugawanywa katika makundi kwa bahati nasibu) na vya mapitio ya kimfumo (ambayo hukusanya tafiti zote za swali moja). Andika kwenye daftari maneno uliyoyatafuta na tarehe, ili mwenzako aweze kurudia kazi hiyo baada ya mwaka mmoja na kuona kilichoongezeka. Ikiwa makala imefungwa, jaribu PubMed Central, yenye makala kamili zisizolipiwa, kisha Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani unaoziwezesha taasisi zilizosajiliwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati kusoma majarida ya kulipia. Mkutubi wa chuo kikuu kilicho karibu nawe, kiwe Maseno, Moi au Egerton, anaweza kukueleza kama taasisi yako inaweza kuutumia. Mwandishi wa makala naye ana anwani yake ya barua pepe kwenye ukurasa wa kwanza, na kumwomba nakala si jambo la aibu.

Usiyaache majarida ya huku kwetu. African Journal of Emergency Medicine husomwa bila malipo na huchapisha tafiti kutoka katika vitengo vinavyofanana na vyako, ingawa nyingi ni za uchunguzi tu, yaani za kutazama bila kuwagawia wagonjwa tiba, na chache ndizo majaribio makubwa. Sajili ya majaribio ya Afrika, inayoendeshwa kutoka Cape Town, itakuonyesha pia majaribio yanayoendelea ambayo bado hayajachapishwa.

Kabla ya kuendelea, hakikisha makala haijaondolewa na jarida lenyewe. Tarehe 22 Mei 2020, The Lancet lilichapisha utafiti uliodai kukusanya taarifa za wagonjwa 96,032 wa korona kutoka hospitali 671 duniani, ukisema kwamba haidroksiklorokwini, dawa iliyokuwa ikijaribiwa kwa ugonjwa huo, iliandamana na vifo zaidi. Shirika la Afya Duniani lilisitisha kwa muda sehemu ya jaribio lake kwa sababu ya makala hiyo. Tarehe 4 Juni mwaka huohuo makala iliondolewa, kwa kuwa taarifa zenyewe hazikuweza kuthibitishwa. Ukaguzi huu huchukua dakika moja tu: PubMed huweka onyo juu kabisa ya ukurasa wa makala iliyoondolewa.

Hatua ya tatu: Pima uzito wa aina ya utafiti, lakini usiuabudu mpangilio wake

Tumefundishwa kwamba mapitio ya kimfumo yanayojumlisha majaribio mengi yako juu ya ngazi, majaribio ya nasibu yako chini yake, na tafiti za uchunguzi ziko chini zaidi. Mpangilio huo unasaidia, ila una mtego: kujumlisha majaribio madogo mengi yenye kasoro hakuzai ukweli mkubwa.

Mfano mzuri ni damu inayovuja tumboni, yaani mgonjwa anayetapika damu au kupata choo cheusi. Majaribio madogo yalipojumlishwa, ilionekana kwamba asidi ya traneksamiki huenda inapunguza vifo. Mwaka 2020 likatoka jaribio la HALT-IT, lililoshirikisha wagonjwa 12,009 katika hospitali 164 za nchi 15. Vifo vilivyotokana na kuvuja damu ndani ya siku tano vilikuwa takriban asilimia 4 katika makundi yote mawili, ilhali kuganda kwa damu katika mishipa ya vena kulikuwa asilimia 0.8 kwa waliopewa dawa na asilimia 0.4 kwa waliopewa plasebo, yaani dawa bandia. Kwa hiyo, unapokutana na mapitio ya kimfumo, fungua jedwali la tafiti zilizojumuishwa na utazame ukubwa wa kila moja. Jaribio moja kubwa lililofanywa vizuri lina haki ya kuyashinda mapitio ya majaribio kumi madogo.

Hatua ya nne: Soma njia kabla ya matokeo

Funika ukurasa wa matokeo, kihalisi ukiweza. Msomaji aliyekwisha kuona kwamba dawa “ilifaulu” huwa mpole mno anaposoma jinsi utafiti ulivyofanywa. Katika sehemu ya njia, tafuta majibu ya maswali yafuatayo na uyaandike kwa maneno yako mwenyewe. Wagonjwa waligawanywaje katika makundi, na je, aliyekuwa akiwaandikisha angeweza kubashiri mgonjwa anayefuata ataingia kundi gani? Je, wagonjwa, wahudumu na wapimaji wa matokeo walifichwa tiba iliyotolewa? Ni wangapi walipotea kabla ya hesabu ya mwisho? Je, matokeo ya msingi yaliyoripotiwa ndiyo yaleyale yaliyoandikwa katika sajili kabla ya jaribio kuanza? Hili la mwisho watu hulipuuza, nalo ndilo jepesi kuliko yote: nambari ya usajili imo ndani ya makala, na sajili iko wazi kwa kila mtu.

Kutofichwa kwa tiba si kosa la uzito uleule kila mara. Jaribio la kutoa maji mengi kwa mkupuo haliwezi kufichwa kirahisi, maana kila mtu kitandani anaona mfuko unavyokwisha. Ikiwa matokeo yanayopimwa ni kifo, macho ya mpimaji hayawezi kuyapotosha sana. Ikiwa ni kiwango cha maumivu au maoni ya daktari kuhusu nafuu, tahadhari kubwa inahitajika.

Angalia pia idadi ya vituo. Mwaka 2001, utafiti wa hospitali moja ya Detroit, wenye wagonjwa 263 wa sepsisi kali (maambukizi yanayoharibu kazi ya viungo vya mwili), uliripoti kwamba utaratibu maalumu wa saa sita za mwanzo ulishusha vifo kutoka asilimia 46.5 hadi 30.5. Dunia iliufuata kwa zaidi ya miaka kumi. Majaribio matatu makubwa yaliyofuata mwaka 2014 na 2015, huko Marekani, Australia na New Zealand, na Uingereza, hayakuona tofauti hiyo ya vifo, kwa sehemu kwa sababu huduma ya kawaida ilikuwa imekwisha kuboreka.

Hatua ya tano: Geuza asilimia kuwa watu

Maneno kama “ilipunguza hatari kwa asilimia 20” hayamsaidii mtu anayepanga wodi. Chukua vifo vya kundi moja, toa vifo vya kundi la pili, kisha uandike jibu kwa kila wagonjwa 1,000. Katika jaribio la CRASH-2 la mwaka 2010, lililoandikisha majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40, waliokufa kwa sababu yoyote walikuwa asilimia 14.5 ya waliopewa asidi ya traneksamiki na asilimia 16.0 ya waliopewa plasebo. Hiyo ni tofauti ya watu 15 kwa kila 1,000. Katika jaribio la AQUAMAT la mwaka huohuo, lililowashughulikia watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, vifo vilikuwa asilimia 8.5 kwa dawa ya atesunati na 10.9 kwa dawa ya kwinini, yaani watoto 24 zaidi waliopona katika kila 1,000. Mtu yeyote anayefanya kazi katika wodi ya watoto mjini Kisumu wakati wa msimu wa mvua anaelewa uzito wa namba hiyo bila kufafanuliwa.

Kisha tazama masafa ya uhakika, yaani kiwango cha chini na cha juu ambamo jibu la kweli linaweza kuwemo. Masafa ya uwiano wa hatari (hatari ya waliopewa tiba ikigawanywa kwa hatari ya wasiopewa) yakivuka 1, jaribio halijaondoa uwezekano wa kwamba tiba haina tofauti, wala halijathibitisha kwamba haina. Katika jaribio la asidi ya traneksamiki la CRASH-3 la mwaka 2019, majeruhi wa kichwa waliotibiwa ndani ya saa tatu walikuwa na uwiano wa 0.94 wa kufa kwa jeraha hilo, na masafa kutoka 0.86 hadi 1.02. Anayesema jaribio hilo “limethibitisha” na anayesema “limekanusha” wote wamesoma zaidi ya kilichoandikwa.

Mwisho wa hatua hii, uliza kama matokeo yaliyopimwa ndiyo ambayo mgonjwa na jamaa zake wangeyataka. Jaribio la Uingereza la adrenalini kwa watu waliosimama moyo nje ya hospitali, lililochapishwa mwaka 2018, lilionyesha kwamba asilimia 3.2 walikuwa hai baada ya siku 30, dhidi ya 2.4 wasiopewa dawa. Lakini miongoni mwa walionusurika, wenye ulemavu mkubwa wa ubongo walikuwa asilimia 31.0 dhidi ya 17.8. Muhtasari mfupi wa WhatsApp ungeweza kuishia kwenye sentensi ya kwanza.

Hatua ya sita: Linganisha masharti yao na yako

Hii ndiyo hatua inayostahili muda mrefu kuliko nyingine zote, nayo kwa kawaida ndiyo hupewa dakika tano za mwisho wakati chai imekwisha kufika.

Rudi kwa mwendesha bodaboda wetu. Uchambuzi wa CRASH-2 uliochapishwa mwaka 2011 uliwagawa wagonjwa kulingana na saa. Waliotibiwa ndani ya saa moja, vifo vya kuvuja damu vilikuwa asilimia 5.3 kwa dawa na 7.7 kwa plasebo. Kati ya saa moja na tatu, vilikuwa 4.8 na 6.1. Baada ya saa tatu mambo yaligeuka: asilimia 4.4 kwa waliopewa dawa, na 3.1 kwa wasiopewa. Mgonjwa aliyeumia saa mbili usiku na kufika Nakuru saa tano na nusu yuko katika kundi hilo la tatu. Kwa hiyo uamuzi wa maana kwa eneo letu ni kuhakikisha dawa inatolewa Molo, kabla ya gari la rufaa kuondoka, na kwamba karatasi ya rufaa inaonyesha saa ya ajali. Karatasi nyingi huonyesha saa ya rufaa pekee, na daktari anayempokea mgonjwa hubaki akiwauliza jamaa waliochanganyikiwa jua lilikuwa limezama au la.

Masharti yanaweza kuwa ya mahali. Kwa miaka mingi, miongozo iliyotokana na hospitali zenye vyumba vya wagonjwa mahututi ilishauri mtoto mwenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu apewe maji mengi kwa mkupuo. Jaribio la FEAST, lililofanywa katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011, liliwaandikisha watoto 3,141 katika kundi lake kuu. Vifo ndani ya saa 48 vilikuwa asilimia 10.6 kwa waliopewa mkupuo wa maji yenye albumini (protini ya damu), 10.5 kwa mkupuo wa maji ya chumvi, na 7.3 kwa wale waliopewa maji ya kawaida ya kudumisha tu. Hiyo ni zaidi ya watoto 30 wa ziada waliokufa kwa kila 1,000 waliopewa mkupuo. Zaidi ya nusu ya watoto hao walikuwa na malaria, na hospitali zenyewe hazikuwa na mashine za kupumulia. Katika watu wazima, utafiti wa Lusaka uliochapishwa mwaka 2017 ulielekea upande huohuo: wagonjwa 212 wenye sepsisi na presha ya chini, karibu asilimia 90 wakiwa na virusi vya UKIMWI, ambapo vifo hospitalini vilikuwa asilimia 48.1 kwa utaratibu wa maji mengi mapema na 33.0 kwa huduma ya kawaida.

Hapa ndipo wasomaji wenye bidii hukosea kwa upande wa pili. FEAST haikuwajumuisha watoto wenye kuharisha kulikowakausha maji, wala wenye utapiamlo mkali, wala walioungua. Mtoto wa mtaa wa Nyalenda, Kisumu, aliyeharisha kwa siku mbili, macho yamezama na ngozi ikifinywa hairudi upesi, si mtoto wa FEAST, na kumnyima maji kwa kutaja jaribio hilo ni hatari. Kwa sababu hiyo, katika ukurasa wako wa daftari, orodha ya walioachwa nje ya utafiti ipewe nafasi sawa na orodha ya waliojumuishwa.

Kuna sharti jingine ambalo kwa hakika ni la eneo letu: mwinuko. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru karibu 1,850, na Eldoret karibu 2,100. Kiwango cha oksijeni katika damu ya mtu mwenye afya hushuka kidogo kadiri anavyopanda, hivyo kikomo kilichowekwa na utafiti wa mji wa pwani hakipaswi kuhamishwa hadi Eldoret bila kuuliza watafiti walipimia wapi.

Hatua ya saba: Andika uamuzi, na umtaje atakayeutekeleza

Uamuzi uwe mmoja kati ya minne: tubadilishe sasa, tubadilishe kwa masharti, tusubiri, au tusibadilishe. Andika sababu katika sentensi mbili au tatu. Usitoe uamuzi unaopingana na mwongozo wa Wizara ya Afya kwa nguvu ya makala moja. Ikiwa ushahidi unaonekana kuupita mwongozo, peleka ukurasa wako kwa kamati ya dawa na tiba ya hospitali, na kwa msimamizi wa kitengo, ili mazungumzo yafanyike rasmi. Kwa mambo ya watoto, linganisha kwanza na itifaki za msingi za watoto za Wizara.

Kwa mfano wa majeruhi, ukurasa wetu ungesomeka hivi: “Tubadilishe kwa masharti. Asidi ya traneksamiki gramu 1 kwa dakika 10, kisha gramu 1 kwa saa nane, kwa mtu mzima anayevuja damu sana ndani ya saa tatu tangu aumie. Isianzishwe baada ya saa tatu. Isitumiwe kwa damu inayovuja tumboni bila ajali. Mfamasia ahakikishe vituo vinavyotuletea rufaa vina dawa hii. Muuguzi wa mapokezi aandike saa ya ajali.” Chini yake iwekwe tarehe ya kuupitia upya, na tarehe hiyo iwe kwenye kalenda ya kitengo.

Hatua ya nane: Kagua mafaili

Baada ya miezi mitatu, vuta mafaili ya majeruhi wote waliovuja damu sana katika kipindi hicho. Hesabu ni wangapi waliostahili dawa, wangapi waliipata, na kwa wangapi saa ya ajali iliandikwa. Ikiwa saa imekosekana katika mafaili mengi, usiendelee na makala mpya katika kikao kinachofuata. Tumia muda huo kukaa na wauguzi wa mapokezi na wahudumu wa gari la wagonjwa, mrekebishe fomu ili nafasi ya saa ya ajali iwe juu kabisa, karibu na jina la mgonjwa, kisha mkague tena mwezi unaofuata.